Majani ya Mti wa Tabia Njema

Wanangu mnaoanza kushika chaki, sikupanga kuwapa nasaha. Nilialikwa kwenye chuo chenu cha ualimu kugawa vyeti, nikapewa soda na kiti chenye kitambaa, kisha mkuu wenu akaniomba niseme "maneno mawili matatu". Kumwomba mwalimu mstaafu maneno mawili ni kumkabidhi mbuzi mchicha. Nilikuwa ndiyo kwanza nasafisha koo, harufu ya pilau ikaingia ukumbini, nikaona macho yenu yote yamehamia dirishani. Nikakaa. Haya ndiyo yaliyobaki kooni, na mtayasoma mkiwa mmeshiba.

Nilifundisha historia na Kiswahili katika shule ndogo ya kanisa, si mbali na hapa Wawi ninapoishi mpaka leo. Sisi Wakristo wa Pemba tu wachache. Harusi ikifungwa kanisani, viti hujazwa na majirani zetu Waislamu, waliokuja kwa heshima ya bwana harusi na kwa heshima ya biriani. Shule yetu nayo ilikuwa hivyo hivyo: msalaba juu ya mlango, na ndani kina Hamad, Fatma, Kombo na Asha mpaka ukutani. Wazazi walituletea watoto kwa sababu moja, kwamba walimu wetu walikuwa wakifika kazini. Mchana watoto wale wale walikwenda chuoni kusoma Kurani kwa shehe wao, na hakuna aliyeona ajabu.

Kazi yangu, kwenye karatasi, ilikuwa kujenga tabia ya Kikristo kwa njia ya historia na hadithi za kale. Mwaka wangu wa kwanza niliwauliza watoto, tabia ya Kikristo ni nini? Mmoja akanyoosha mkono. "Ni kama ya kwetu, mwalimu, ila yenu ya Jumapili." Nimesoma vitabu vingi vya dini tangu siku ile na sijaona maelezo mafupi kuliko hayo.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Danieli, Mungu amrehemu, mzee aliyekuwa na kikohozi kikavu na kanzu mbili za kwenda kazini. Ndiyo, Mkristo na kanzu. Ukizaliwa Pemba utavaa nini? Alikuja kukaa nyuma ya darasa langu siku niliyosimulia ngano ya kima aliyefanya urafiki na mwenye shamba, akamlia muhogo wake wote, na lawama akamtupia mbwa. Nilisimulia vizuri, najisifu. Nikamaliza, nikapiga makofi mawili, nikauliza, "Haya, tumejifunza nini?" Darasa likaimba, "Tumejifunza tusiibeee!" Nikatoka nimevimba kichwa.

Mwalimu Danieli akamwita mtoto mmoja pembeni. "Weye ungelikuwa ndo yule kima, ungelifanya nini?"

Mtoto akafikiri. "Ningelimwondoa mbwa kwanza."

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akaniambia, "Agnesi, mwanangu, ukimaliza hadithi usiulize kitu. Wageuzie mgongo, ufute ubao. Futa polepole. Hata ukiwa safi, futa." Nilidhani ananidhihaki. Siku iliyofuata nikajaribu. Nikafuta ubao usio na kitu, na nyuma yangu nikasikia minong'ono inaanza: kima mbaya, a'a si mbaya, ana njaa, na mbwa je, nani alimtetea mbwa? Waligombana kwa ajili ya mbwa yule mpaka kengele ikalia. Andikeni hilo, hata kama hamtaandika jingine.

Nitawapa na mengine madogo, mzee akifungua mkoba hautoi kimoja. Msimu wa masika wekeni chaki ndani ya pipa la mchele, haitalowa. Msisome hadithi yenye karamu kabla ya mapumziko. Mtoto akidanganya msimwite mwongo. Mwulizeni ng'ombe anayesema alimkimbiza alikuwa wa rangi gani, na nani alimshika, na mwenyewe alikuwa wapi. Ataushusha uwongo wake mwenyewe kama anayetua mzigo mzito.

Sasa, tulikuwa tukiishi hivyo kwa raha, mpaka makao makuu ya shule za kanisa yalipomtuma Bwana Mratibu.

Alikuja kutoka bara, kijana nadhifu, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unaweza kukata mkate. Alileta kitabu cha mwongozo na mti. Mti wenyewe ulikuwa wa karatasi ngumu, umechorwa shina na matawi, tukaubandika ukuta mzima. Uliitwa Mti wa Tabia Njema. Kila mtoto alikuwa na tawi lake. Akitenda jema, anabandikiwa jani la kijani lenye jina la sifa aliyoionyesha. Kwa maelezo yake, tabia ya mtoto mpaka siku ile ilikuwa haionekani, na kisichoonekana hakiwezi kupelekwa makao makuu.

Kitabu cha mwongozo kilikuwa kimempa kila mtu wa historia sifa moja, kama wanavyogawiwa wanajeshi sare. Wareno walipewa Ushujaa. Nikafundisha kama nilivyoagizwa, kwamba mabaharia wale walivuka bahari bila woga, na huku kwetu wakatuachia mchezo wa ng'ombe, wa kumchokoza dume uwanjani. Kombo akauliza, "Ushujaa huo wa Mreno au wa ng'ombe, mwalimu?" Nikafungua ukurasa uliofuata.

Tukafika kwa yule mtawala wa zamani wa Pujini, ambaye wazee husimulia kwamba alijenga ngome yake kwa kuwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio, wasithubutu kusimama. Mwongozo ulikuwa umeacha nafasi tupu: "Mwanafunzi ataje sifa njema ya kiongozi huyu." Watoto wakajitahidi, maskini. Mmoja akasema bidii ya kazi. Mwingine akasema usimamizi mzuri. Kisha akasimama msichana mmoja wa nyuma, Riziki, mtoto mwembamba asiyesema mpaka aulizwe.

"Yeye hana, mwalimu," akasema. "Wenye nayo ni wale waliobeba mawe. Walikuwa na subira."

"Wanaitwa nani?" nikamwuliza.

"Hawajulikani."

Bwana Mratibu, aliyekuwa amekaa nyuma siku hiyo, aliniambia baadaye jibu lile lisihesabiwe kwa kuwa halikutaja mtu. Mimi nilirudi nyumbani nalo, na mpaka leo ninalo.

Na ngano ya kima je? Aliiona kwenye andalio langu la somo, akasikitika kwa dhati. Kima anaiba, anamsingizia mbwa, na mwisho anakaa juu ya mti anatafuna. Iko wapi toba? Nikaagizwa niitengeneze: kima ashuke, akiri, aombe radhi, apande muhogo mpya. Nikaipeleka darasa la pili. Kima alipoanza kushuka mtini kwenda kukiri, mtoto wa mbele akapiga kelele, "Usishuke, we! Watakuua!" Darasa zima likaangua kilio. Ilibidi nimrudishe kima juu mbele ya macho yao, tawi kwa tawi, mpaka wakatulia wakanywa uji.

Lakini mambo yenyewe yalikuwa kwenye majani. Kanuni ilisema jani halitolewi mpaka tendo litolewe ushuhuda mbele ya darasa, ama na aliyetenda, ama na aliyetendewa. Na kanuni iliyopendwa kuliko zote ilikuwa hii: mwenye kuokota kitu kilichopotea na kukirudisha, anapata jani la Uaminifu, mara ngapi hakuna kikomo.

Wiki ya kwanza nilifurahi, watoto walirudisha kalamu mbili na kofia moja. Wiki ya pili ilirudishwa mizigo. Wiki ya tatu vitu vilivyopotea vilikuwa vingi kuliko vitu vilivyokuwepo. Rula ya Kombo ilipotea na kuokotwa mpaka alama zake za sentimita zikafutika. Makao makuu yalifurahi mno. Shule yetu ikasifiwa kwa uaminifu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini watoto waaminifu namna ile wamekuwa wapotezaji wa vitu namna ile.

Nyuma ya jambo lile alikuwapo Shaame. Jina hilo si lake. Mwenyewe akisoma atajijua, na mkimwuliza atakana. Alikuwa mtoto wa mwenye duka, mnene kidogo, mcheshi, mwenye akili ya kuhesabu iliyotisha. Ratiba yote ilikuwa kichwani mwake: nani anapoteza leo, nani anaokota, nini, wapi. Nilimkuta nyuma ya choo akigawa kazi. "Yakhe, leo zamu yako kupoteza kofia. Kesho napoteza mie ndara, weye ndo muokotaji. N'shakwambia usiipoteze mbali, jana katafuta ntu mpaka kakosa chai."

Nikamwita. "Shaame, hii ni biashara?"

"Hasha, mwalimu. Biashara mmoja hula hasara." Akatabasamu. "Huu ushirika."

Tawi lake likawa limeelemewa, jani juu ya jani, Uaminifu mtupu. Tawi la Riziki lilikuwa na majani mawili, na moja nadhani lilikuwa la jirani yake.

Na msidhani mtoto yule hakutenda jema. Darasani kulikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, ambao kila asubuhi ulikuwa umejaa. Watoto waliamini mlinzi ndiye anayeujaza, na mlinzi, kwa kuwa hakuulizwa, hakukataa. Siku moja niliwahi kufika nikamwona Riziki anatoka kisimani na ndoo kichwani. Nikafurahi kweli. Nikamwambia asimame mbele ya wenzake aseme, nimpe jani lake.

Akanitazama kama niliyemwambia avue nguo.

"Hiyo si itakuwa riya, mwalimu? Bibi kasema ntu akitenda jema kisha akaliimba, thawabu zake kashazila papo hapo."

Mimi, mwalimu wa tabia ya Kikristo, nikalirudisha jani mfukoni. Maana hata katika imani yangu tumeonywa tusitoe sadaka kwa kupiga tarumbeta. Shehe wake na padri wangu wangekubaliana kuhusu jambo lile bila hata kumaliza kahawa. Aliyekuwa upande mwingine ni mti wetu wa karatasi peke yake.

Ningaliyaacha hapo, lakini likaja tangazo. Kanisa lilikuwa na sekondari ya bweni Unguja, na mwaka ule shule yetu ilipewa nafasi moja, kila kitu bure, kwa mtoto wa darasa la mwisho atakayekuwa na majani mengi kuliko wote, wa dini yoyote. Bwana Mratibu angekuja mwenyewe kuhesabu.

Kwa Shaame nafasi ilikuwa kama imeshapatikana. Mama yake hakungoja hata hesabu. Alimnunulia sanduku la bati, akamwandikia jina kwa rangi nyekundu. Mtoto akawa anakuja shuleni amevaa ufunguo wa kufuli la sanduku shingoni kwa kamba, na kufuli lenyewe mfukoni, anawaonyesha wenzake linavyofunga. Alikuwa hajapata kuvuka maji. Kila jioni alinisimamisha kuniuliza habari za Unguja, kama kweli taa za barabarani huwaka mpaka asubuhi, na nani anazilipia.

Wiki hiyo hiyo akaja mjomba wa Riziki na pikipiki kutoka Msuka, kaskazini kabisa mwa kisiwa. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Mkewe alikuwa amejifungua pacha, na nyumbani kuna wengine watatu. Alisimama mlangoni mwa darasa langu, akasalimu kwa adabu, na akasema mbele ya watoto wote kwamba shule ikifungwa atamchukua Riziki akamsaidie mkewe, bibi naye kashazeeka.

"Na masomo?" nikauliza.

"Shule na Msuka ipo, mwalimu. Atasoma, inshallah."

Nimefundisha miaka mingi, najua inshallah ya kumtegemea Mungu na najua inshallah ya kufungia mazungumzo. Mtoto anayelea watoto watano shule yake huishia kwenye kuifagia njia ya kwenda shule. Riziki aliinamisha kichwa, akaendelea kuchora ramani yake. Niliumia, wanangu. Sina neno jingine la kulipamba.

Nikaenda kwa bibi yake, Bi Time, waliyehama naye kutoka Mgogoni ili mtoto awe karibu na shule.

"Sabalkheri, Bi Time."

"Akheri, mwalimu. Kaa kitako." Alikuwa anachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwenye jamvi, na hakuacha. Nilipomweleza habari ya bweni la kanisa, mikono ikasimama. "Ataswali huko?"

"Ataswali. Nimeuliza."

"Na nguruwe?"

"Bi Time, mimi mwenyewe Mkristo, nimezaliwa hapa hapa, nguruwe nimemwona kwenye picha."

Akacheka, akarudia kazi yake. "Akipata, mie radhi. Msuka atakwisha yule ntoto. Lakini n'sikilize, mwalimu: usin'fundishe kujisema. Kama nafasi haiji ila kwa kujisema, basi na isije."

Ndipo nilipokuwa nimenaswa. Riziki hatajisema. Maji hayakuwa na shahidi, kwa kuwa waliokunywa hawakujua wamenyweshwa na nani. Na mimi kulitangaza, ningekuwa nimewavua nguo bibi na mjukuu kwa mpigo mmoja.

Basi asubuhi moja, siku chache kabla ya Mratibu kuja, Shaame akanijia mezani. 

"Mwalimu, ntu akishakwenda Msuka harudi?"

"Msuka si ahera, Shaame. Gari zipo."

"Najua gari zipo." Akautazama mti ukutani, tawi lake, kisha tawi la Riziki lenye majani mawili. Midomo yake ikawa inatikisika, nikajua anahesabu. "Haya, mwalimu. Ahsante."

Siku ile ile akapoteza kalamu. Riziki akaiokota, akaileta, na Shaame akasimama mbele ya darasa kutoa ushuhuda wa aliyetendewa. Jani. Baada ya mapumziko akapoteza rula. Jani. Kombo akapoteza kofia, Fatma akapoteza kitana, mwingine akapoteza ndara ya kushoto, na vyote, kwa ajabu ya Mungu, vilipotelea mbele ya miguu ya Riziki. Vitu vilimsubiri kisimani, vilimsubiri mlangoni, vilimsubiri juu ya kiti chake. Ushirika mzima ulikuwa umebadili njia. Na jambo la kwanza kuliona ni hili: Shaame mwenyewe hakuokota tena kitu. Aliipita kalamu ya mtu iko chini, akairuka kama dimbwi.

Riziki alinijia siku ya pili amechoka. "Mwalimu, darasa letu limepatwa na nni? Watu wote wamekuwa wasahaulifu. N'lidhani wazee tu."

"Labda joto," nikamwambia.

Alikuwa anarudisha kwa sababu alichookota si chake. Hakujua jingine, na hakuna mtoto kati ya wale wote, ambao kwa kawaida siri haikai nao mpaka adhana ya adhuhuri, aliyemwambia. Uaminifu wake ulikuwa wa kweli, na vitu vilipotea kwa uwongo, na mimi nikatoa majani kama kanuni inavyoamrisha. Kanuni si yangu. Nilikuwa nimeipokea kutoka makao makuu.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe tukahesabu na Mwalimu Mkuu. Shaame na Riziki walikuwa sawasawa. Mwongozo ulisema wakiwa sawa, nafasi huenda kwa aliyetangulia kupata jani la kwanza. Huyo alikuwa Shaame, tangu wiki ile ya kofia. Nilimwona amesimama nje ya dirisha, amesikia. Nikamwambia, "Nenda nyumbani, mwanangu, umefanya uwezalo." Alikuwa ameshika ule ufunguo shingoni anauzungushazungusha.

Asubuhi Bwana Mratibu akafika, amekuja na kamera. Wazazi wamekaa, mama yake Shaame mbele kabisa na buibui jipya. Mratibu alikuwa ameshasimama mbele ya mti, kalamu mkononi, Riziki alipoingia kutoka kisimani, nguo imelowa begani. Akaja moja kwa moja mezani kwangu na kunyoosha kiganja.

"Shikamoo mwalimu. N'meokota hivi karibu na mtungi. Sivijui vya nani."

Lilikuwa kufuli, na ufunguo na kamba yake.

Kila mtoto mle ndani aliijua kamba ile, ila huyu aliyekuwa haangalii shingo za watu. Nikaliinua juu. "Hiki kimepotezwa na nani?"

Shaame akasimama. Shingo yake ilionekana tupu. "Changu, mwalimu. N'likipoteza. Riziki kan'rudishia. Natoa ushuhuda."

Mama yake aligeuka akamtazama. Alilitazama lile kufuli, akamtazama Riziki na maji yake begani, akamtazama tena mwanawe. Kisha akavuta buibui usoni. Nikatoa jani. Nikalibandika kwa mkono wangu.

Bwana Mratibu akahesabu mara mbili, akamtangaza Riziki, picha zikapigwa. Mwezi uliofuata tulimsindikiza mpaka bandarini Mkoani, na sanduku alilobeba lilikuwa la bati, jina la zamani limefutwa kwa mchanga, la kwake limeandikwa juu kwa rangi nyekundu. Mama yake Shaame alisema lilikuwa linashika kutu bure nyumbani. Leo Riziki ni mkunga katika hospitali moja, na anayejaza maji pale wodini nadhani hajulikani. Shaame ana duka la simu Chake Chake, na mteja akisahau simu yake kaunta, humfuata mpaka kituoni.

Lakini nirudi siku ile, maana haikuishia kwenye picha. Mratibu alitaka kufunga kwa mafunzo, na alikuwa na macho ya kuona makosa. Akamwita Shaame mbele ya wazazi.

"Wewe ulikuwa unaongoza," akasema, kwa huruma kabisa. "Mwalimu Mkuu kanieleza kwamba wiki hii umepoteza kalamu, rula, na leo kufuli. Umeona uzembe ulivyokuponza? Nafasi ilikuwa yako. Mtoto asiyetunza vitu vyake atakuja kupoteza kila kitu. Utajirekebisha?"

Watoto wote wakatazama chini. Hata Kombo.

"Nitajirekebisha, inshallah," akasema Shaame.

"Vizuri." Mratibu akanigeukia, anatabasamu. "Mwalimu Agnesi, hebu waambie watoto. Leo tumejifunza nini?"

Nikawageuzia mgongo wote, yeye na kamera yake, nikachukua kifutio. Ubao ulikuwa safi. Nikaufuta polepole.